Kamba Kuukuu za Bandarini

Kamba ya meli ikizeeka hakuna anayeiuliza. Inalazwa kando ya gati, inanyeshewa, inakauka, inanuka samaki na mafuta, na siku moja mtu anaiburuta kwenda kuitupa. Miaka ya 60, kwenye bandari za Poland, kulikuwa na mwanamke aliyekuwa akizifuata kamba za aina hiyo. Alizibeba hadi Warsaw, akazifumua uzi baada ya uzi, akaziosha, akazichemsha na rangi jikoni, halafu akazifuma upya. Kilichotoka hapo kilikuwa kikubwa kuliko mlango wa nyumba aliyokuwa akiishi.

Aliitwa Magdalena Abakanowicz. Alizaliwa 1930, akafa 2017. Kama jina ni geni kwako, si wewe peke yako. Hata waliosoma sanaa hapa Nairobi watakutajia Picasso na Van Gogh bila kufikiri, lakini ukiwauliza kuhusu watu waliofanya sanaa kwa nyuzi, wengi wataanza kukuonyesha mabegi.

Kwa nini tumzungumzie mtu wa Poland? Anza na kamba yenyewe. Kamba zile zilikuwa za mkonge, na mkonge tunaujua. Ni ule mmea wenye majani kama mapanga unaouona ukipita Thika, ukishuka Voi kwenda Taveta, au ukielekea Kilifi pale Vipingo. Ukambani watu huupanda uwe mpaka wa shamba. Kwao asili ni Yucatán, Mexico, na jina ambalo dunia inalitumia, sisal, ni la bandari moja ndogo ya huko. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida kwa ajili ya Kampuni ya Ujerumani ya Afrika Mashariki. Ilizungushwa kupitia Hamburg, na ilipofika pwani ya Tanga iliyokuwa hai ilikuwa 62 tu. Sitini na miwili! Kutoka kwa hiyo michache yakatoka mashamba yaliyofunika mkoa mzima, na Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 hakukuwa na nchi nyingine duniani iliyoizidi kwa mkonge. Mwaka 1964 walitoa karibu tani 230,000.

Waliokata majani yale walikuwa vibarua walioletwa kutoka mbali kwa mkataba. Walijulikana kama manamba, kwa sababu kila mmoja aliandikishwa kwa namba. Shika hilo neno, tutalirudia.

Kwa hiyo miaka ambayo katani ya Tanga ilikuwa ikijaza matumbo ya meli ndiyo miaka ambayo Abakanowicz alikuwa akiokota kamba gatini. Dunia nzima ilikuwa imefungwa kwa mkonge: meli, marobota, magunia. Yeye akaufungua.

Maisha yake ya mwanzo hayakuwa ya mtu wa kuokota kamba. Familia yao ilikuwa ya kimwinyi, wenye ardhi na nyumba kubwa mashambani mashariki mwa Warsaw. Vita vikaja. Usiku mmoja wa 1943 askari wa Kijerumani waliokuwa wamelewa walifyatua risasi nyumbani kwao, na mama yake akapoteza mkono wa kulia. Mwaka uliofuata familia ilikuwa imekimbilia Warsaw, mji ukaasi dhidi ya Wajerumani, na Magdalena, akiwa na miaka 14, akawa anasaidia kuuguza majeruhi kwenye hospitali ya dharura. Wanaoandika juu yake hupenda kurukia hapo moja kwa moja: ati ndiyo maana baadaye alitengeneza miili isiyo na vichwa wala mikono. Labda. Mimi naona ni rahisi mno kumsoma msanii hivyo, kama kwamba kila kazi ni cheti cha hospitali. Hata hivyo mkono ule wa mama huwezi kuusahau ukishaujua.

Vita vilipoisha wakaja Wakomunisti, na sasa kuwa mtoto wa mwinyi ikawa ni kosa. Ili aingie chuo ilimbidi afiche ukoo wake na ajiandikishe kama mtoto wa karani. Alisoma Sopot, kisha Chuo cha Sanaa cha Warsaw, akamaliza 1954. Amri ya serikali wakati huo ilikuwa moja: chora wafanyakazi wenye misuli na matrekta. Michoro isiyo na trekta ilitiliwa shaka. Baada ya chuo alipata kazi kiwanda cha hariri cha Milanówek. Kazi za kawaida, kama wengi wetu tunavyobuni nembo za watu ilhali tuna riwaya kwenye simu.

Usiku alichora. Mimea mikubwa, samaki, ndege, kwenye vitambaa na karatasi pana kuliko ukuta wake. Mwaka 1960 akapewa nafasi ya maonyesho yake ya kwanza ya peke yake, ukumbi wa Kordegarda mjini Warsaw. Kazi zikatundikwa. Kabla mlango haujafunguliwa kwa watu, wakubwa wakaufunga. Walisema kazi hazina ujumbe wa kijamii, ni maumbo tu.

Hapo ndipo habari inapokuwa tamu, kwa sababu kilichomwokoa ni kudharauliwa. Si yeye kudharauliwa, bali kufuma. Serikali ilikodolea macho wachoraji na waandishi, mistari yao ikapimwa neno kwa neno. Mfumaji nani angemhofia? Zulia la ukutani ni pambo. Ni kazi ya wanawake. Likiwa na miraba na mistari isiyo na maana, hakuna karani wa serikali atakayeuliza mistari hiyo inamtukana nani, maana kitambaa kimekuwa na mistari tangu enzi za mababu. Kile ambacho angekatazwa kukichora kwa brashi, aliweza kukifanya kwa uzi mchana kweupe.

Aliyemfungulia mlango huo ni mama mmoja aliyemzidi sana umri, Maria Łaszkiewicz, mfumaji aliyekuwa na mitambo ya kufumia kwenye chumba cha chini cha nyumba yake Warsaw. Łaszkiewicz aliziona zile kazi za Kordegarda, na jina la Abakanowicz likapelekwa kwenye orodha ya Bienale ya kwanza ya Mazulia ya Ukutani, iliyokuwa ifanyike Lausanne, Uswisi, mwaka 1962. Kasoro ndogo tu: Abakanowicz hakuwa mfumaji. Ilibidi ajifunze haraka, palepale chini, kwenye kitanda cha kufumia cha mwenyeji wake.

Kwa asiyejua, kufuma ni hivi. Unatandika nyuzi za urefu, zikakaza kama nyuzi za gitaa. Hizo ni mtande. Halafu unapitisha uzi mwingine kwa upana, juu, chini, juu, chini. Huo ni mshindio. Unaukandamiza kwa kuchana, unarudi upande wa pili. Sentimita moja, nyingine. Hakuna kuruka mbele uone mwisho utakuwaje. Na kwa sababu sehemu iliyokwisha fumwa huviringishwa kwenye mti wa mtambo, mfumaji haoni kazi yake nzima anapoifanya. Anaona ukanda mwembamba ulio mbele yake, basi. Abakanowicz alikuwa na shida ya ziada. Yeye na mume wake, Jan Kosmowski, waliishi chumba kimoja, kama bedsita zetu za Roysambu, tena bila balkoni. Hakuna mahali pa kutandaza kitu cha mita 6. Kwa hiyo mara nyingi alikiona kikiwa kizima siku kilipotundikwa kwenye maonyesho, pamoja na wageni wengine.

Fikiria hofu ya siku hiyo. Mchoraji hurudi nyuma hatua tatu kila baada ya dakika kumi. Huyu alifanya kazi miezi kadhaa kwa imani, akakunja, akafunga, akatuma.

Aliyoipeleka Lausanne aliiita Utunzi wa Maumbo Meupe, karibu mita 2 kwa 6, imefumwa kwa kamba za pamba, zile za kuanikia nguo. Mwenye bienale ile alikuwa Mfaransa Jean Lurçat, na utaratibu wa Ufaransa ulikuwa wa kistaarabu kweli: msanii anachora mchoro, anaupeleka karakana, mafundi wanaufuma kwa sufu laini mpaka usitofautishe na picha. Msanii hagusi uzi, fundi hagusi wazo. Wapoland wakaja na vitu vinavyokwaruza, vimefumwa na walewale waliovibuni, bila mchoro wa kufuata. Wapo walioudhika. Wengine walielewa kwamba kuna kitu kimevunjika na hakitaungika tena.

Miaka mitatu baadaye, 1965, alipata nishani ya dhahabu kwenye Bienale ya São Paulo, Brazili. Angalia lakini alipewa upande gani: sanaa za matumizi. Yaani upande wa vikombe na viti. Mwaka huohuo akaanza kufundisha Poznań, kazi aliyoishikilia hadi 1990, na ndiyo iliyomlipia kodi. Nalitaja hili kwa sababu hadithi za wasanii huwa zinaruka mshahara. Nishani ya dhahabu hainunui unga.

Baada ya hapo nyuzi zikaacha kulala ukutani. Alianza kufuma vipande, akavipasua, akavishona pamoja, akavining'iniza kutoka kwenye dari hadi karibu na sakafu. Vikawa na matumbo, mikunjo, nyufa unazoweza kuingiza kichwa. Hapa ndipo mkonge ulipoingia sana, kwa sababu sufu hulegea na pamba hulala, lakini katani ina mgongo, husimama yenyewe. Alichanganya na manyoya ya farasi na chochote kile kilichoweza kusokotwa. Abakan Red, Abakan Nyekundu, ya 1969, ina kimo cha karibu mita 4 na imetokeza kutoka ukutani kama kiumbe kinachotaka kutoka. Ukisimama mbele yake hujui kama ni vazi la jitu, au mwili, au ni pango. Mimi nimeiona kwenye picha tu, na hata picha ilinifanya nisogeze kiti nyuma.

Wakosoaji walishindwa kuziita. Si mazulia, si sanamu. Mmoja akachukua jina la ukoo wake, akalikata, wakaanza kuziita Abakan. Jina la ukoo uleule ambao alilazimika kuuficha ili aingie chuo sasa likawa jina la aina nzima ya sanaa.

Lakini hizo Abakan alizifuma na nani? Kwa miaka mingi alikuwa na mfumaji msaidizi, Stefania Zgudka. Kitu cha mita 4 za katani mtu mmoja hakimalizi akiwa anafundisha na kusafiri. Ukitaka kazi zenye uzito huo, unahitaji mikono mingine inayojua namna ya kukaza mshindio bila kukuuliza kila saa. Kazi ya Bois-le-Duc, iliyowekwa kwenye jengo la serikali ya jimbo huko 's-Hertogenbosch, Uholanzi, mwaka 1971, ina upana wa zaidi ya mita 20 na kimo cha karibu mita 8. Hiyo ni nyumba ya ghorofa, si zulia. Haikufumwa na wawili. Abakanowicz aliupindua utaratibu wa Lurçat, wa msanii kule na fundi huku, kisha umaarufu ulipokuja na oda zikawa kubwa, kiasi fulani cha utaratibu ule kikarudi kwa mlango wa nyuma. Simlaumu. Ila nikisoma maandishi ya zamani juu yake, yanayozungumza kama kwamba alikuwa peke yake na uzi na huzuni zake, namtafuta Zgudka na mara nyingi simwoni.

Na hapo ndipo ninapowaza Kariokor. Pale sokoni vikapu vimepangwa hadi juu, na kila kikapu kimefumwa na mtu. Kiondo kinaanzia chini, katikati, kama kitovu. Nyuzi zinatandazwa pande zote, kisha mshindio unazungushwa, mzunguko baada ya mzunguko, huku mikono inaongeza nyuzi kikapu kinapopanuka. Kabla ya hapo kuna kuukwangua mkonge uachie nyuzi, kuuanika, kuutia rangi, kisha kuusokota pajani kwa kiganja. Mama wa Machakos anafanya hayo akitembea njiani kwenda kwenye chama, akiongea, macho yako barabarani. Hakuna mchoro. Wazo na mkono ni vya mtu mmoja, jambo ambalo Lausanne mwaka 1962 lilionekana mapinduzi. Kabla ya mkonge kuletwa, mabibi walitumia nyuzi za magome ya mibuyu na vichaka vya porini. Mkonge ulipokuja wakauingiza kwenye ufundi uliokuwepo. Hawakungoja waelekezwe.

Kiondo hakiandikwi jina la aliyekifuma. Kina bei. Wakati mwingine kina jina la duka la ng'ambo lililokishonea ngozi. Namba tu, kama manamba.

Najua utasema kiondo ni cha kubebea viazi na Abakan haibebi chochote. Ni kweli, na mimi si wa kusema kila kikapu ni sanaa ya makumbusho; vingine vimefumwa kwa haraka kwa sababu karo inadaiwa Jumatatu. Swali langu ni dogo. Nani aliamua kwamba kitu kikifanya kazi, aliyekitengeneza anapoteza jina? Kule kwao swali hilohilo halikumwacha Abakanowicz. Mwaka 1969 jumba la MoMA, New York, lilifanya maonyesho yaliyoitwa Wall Hangings, Vining'inio vya Ukutani. Alikuwemo, pamoja na Anni Albers, Sheila Hicks na Lenore Tawney. Maonyesho makubwa, lakini yaliandaliwa na idara ya usanifu wa majengo na ubunifu, si ya uchoraji na uchongaji. Mchongaji Louise Bourgeois aliyaandikia tathmini, na kwa maoni yake kazi zile hazikuwa zimejinasua vya kutosha kutoka kwenye urembo wa nyumba. Hata mwanamke mwenzao, msanii kigogo, alichungulia ndani ya mkunjo wa katani akaona pazia.

Labda ndiyo maana alihama. Kuanzia miaka ya 70 aliacha mitambo ya kufumia akashika gunia. Gunia la kawaida la viazi. Alilipaka gundi na resini, akalikandamiza kwenye kalibu ya plasta iliyotolewa kwenye mwili wa mtu, likakauka na kubaki na umbo la mgongo. Migongo 80, ya 1976 hadi 1980: wameinama, hawana vichwa, hawana miguu, ni maganda matupu upande wa mbele. Kalibu ilikuwa moja lakini gunia hukunjika kila mara kivyake, kwa hiyo hakuna mgongo unaofanana na mwenzake. Watu wa kila nchi walimuuliza kama ni kambi za mateso, au ni watu wanaosali. Alipoiwakilisha Poland kwenye Bienale ya Venisi mwaka 1980 alipeleka pia Embriolojia, mabunda ya gunia yapatayo 800 yaliyojazwa na kushonwa, mengine makubwa kama ng'ombe aliyelala, mengine kama yai. Mwaka huohuo wafanyakazi wa kiwanda cha meli cha Gdańsk waligoma, na dunia nzima ikatazama Poland.

Baadaye alitumia shaba, mawe, chuma. Kazi yake kubwa ya mwisho ya hadharani iko Grant Park, Chicago, tangu 2006: watu 106 wa chuma, kila mmoja na kimo cha karibu mita 2.7, hawana vichwa wala mikono, wameganda wakitembea kila upande. Kutu yao ina rangi ya gunia. Uso wa chuma una mikunjo, kama kwamba chuma nacho bado kinakumbuka kwamba kilianza kama kitambaa.

Hakupenda kuitwa mfumaji, na lebo ya msanii wa nyuzi aliiona kama kibanda alichofungiwa. Namwelewa nusu. Bienale ya Lausanne, iliyomtoa, ilikufa 1995, na kwa muda Abakan zilikaa kwenye ghala za makumbusho zimekunjwa, kwa sababu katani hushika vumbi, huliwa na wadudu, rangi hufifia kwenye mwanga, na wakurugenzi waliona ni za kizamani. Kisha upepo ukageuka. Novemba 2022, miaka mitano baada ya kifo chake, Tate Modern ya London ilizitoa, ikazining'iniza nyingi pamoja kwenye chumba kirefu chenye giza kidogo, na watu wakatembea katikati yake hadi Mei 2023. Walioingia wengi wanataja harufu kwanza. Nyuzi za mkonge hazikomi kunuka. Ukitaka kujua inavyokuwa, nenda Kariokor asubuhi baada ya mvua, usimame kati ya mafungu ya viondo vipya, uvute pumzi. Na ukinunua kimoja, muulize mwenye kibanda ni nani aliyekifuma. Huenda akakuambia ni mama yake.